Ukuta wa Kilwa Hausubiri Mradi

Juni 2014 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikutana Doha, Qatar, na katika kikao hicho kimoja ikatoa maamuzi mawili yaliyoigusa Tanzania. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya kukaa humo miaka kumi. Pori la Akiba la Selous likaingizwa kwenye orodha hiyohiyo. Ukitazama ramani ya kusini mwa nchi, hayo ni maeneo jirani. Moja lilikuwa limepata watu wa kulihudumia, jingine lilikuwa linamalizikiwa na tembo. Mwaka 1976 Selous ilikadiriwa kuwa na tembo karibu 109,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000 tu.

Habari zote mbili zilisomwa kama habari za serikali na UNESCO: nani katangaza, nani kapongeza, nani kalaumiwa. Wale waliofanya kazi yenyewe waliulizwa wachache tu. Kikao cha Doha hakikutia chokaa kwenye jiwe hata moja. Kuna watu waliopanda juu ya kuta wakang'oa majani, waliochoma chokaa, waliopanda mikoko ufukweni, waliopima nyufa na kuandika tarehe kwenye daftari. Hao ndio walioitoa Kilwa kwenye orodha. Kazi yao ina jina, uhifadhi wa urithi, na vijana wengi wanaomaliza kidato cha sita hawajui kwamba mtu anaweza kuifanya maisha yake yote na kulea watoto kwayo.

Kilwa Kisiwani si mahali padogo katika historia. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akaukuta mji uliotajirika kwa dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 ukapanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba za mawe. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali linalotazama bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka pwani. Wareno waliingia mwaka 1505. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa na ya Songo Mnara yakaandikwa kuwa urithi wa dunia, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya hatari.

Sababu zilizotajwa mwaka ule zinafaa kusomwa polepole na yeyote anayeifikiria kazi hii. Maji ya mvua yalikuwa yanakula udongo wa jabali lililobeba Husuni Kubwa, na upande wa mashariki wa jumba ulikuwa unapotea kidogo kidogo. Miti na vichaka vilivyoota kwenye jabali vilizuia udongo usisombwe. Vichaka hivyohivyo vilipasua kuta kwa mizizi yake. Ukivikata vyote, jabali linaporomoka na jumba linakwenda nalo. Ukiviacha vyote, mizizi inatenganisha mawe. Mtu aliyesoma majengo peke yake hawezi kutoa uamuzi hapo, wala aliyesoma mimea peke yake. Anatakiwa mtu anayejua mti upi una mizizi ya juujuu, upi unaingia ukutani, upi ukatwe shina na upi uachwe. Na akishakata, anajua kwamba mzizi mnene ulioingia ndani ya ukuta hauvutwi kwa nguvu, maana utatoka na mawe. Unauawa, unaachwa ufe, kisha nafasi yake inazibwa kwa vijiwe na chokaa.

Chokaa ndiyo moyo wa kazi hii. Majengo ya Waswahili wa kale yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na gundi yake ni chokaa iliyotoka kwenye matumbawe hayohayo. Tanuu la kienyeji huanza kwa magogo yaliyopangwa kwa mduara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakiachwa tundu la kuwashia moto. Juu yake hurundikwa vipande vya matumbawe. Moto ukishakolea, jiwe linapoteza hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake na kubaki jepesi, jeupe, kavu. Hapo haligusiki ovyo, kwani likikutana na maji linachemka na linaweza kuunguza ngozi na macho. Kuzima chokaa ni kulimwagia maji kwa utaratibu mpaka livunjike kuwa unga au uji mzito. Kisha inaachwa ilale. Kadiri inavyolala, ndivyo inavyokuwa laini na kushika vizuri. Ikishapakwa ukutani inaanza kuivuta tena ile hewa ya kaboni, taratibu, na kwa miezi na miaka inarudi kuwa jiwe.

Fundi wa kawaida wa mjini, aliyezoea saruji, akipewa ukuta wa namna hii atauharibu kwa nia njema kabisa. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, na unahitaji kuyatoa. Ukiufunika kwa saruji, maji na chumvi vinakwama nyuma yake, jiwe linaoza ndani, na siku moja plasta yote inabanduka na uso wa jiwe umeshika nyuma yake. Nimeona kuta za namna hii katika zaidi ya mji mmoja wa pwani yetu. Kwa nje zinang'aa. Ukizigonga kwa kifundo cha kidole zinalia kama debe tupu. Anayezijua kuta hizi huzigonga kabla hajazigusa kwa mwiko.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu wa kazi hii hulifanya, na napenda kulieleza kwa sababu ndani yake mna tabia yote ya kazi. Ukuta ukiwa na ufa, swali la kwanza ni kama ufa huo unatembea au umetulia. Huwezi kujua kwa kuutazama. Kwa hiyo kipande chembamba cha kioo kinagandishwa kuuvuka ufa, upande huu na upande ule, na tarehe inaandikwa. Mtu anapita kila wiki au kila mwezi kukikagua. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea, na hapo ndipo hesabu za kuuegemeza zinapoanza. Kikiwa kizima baada ya masika mbili, ufa unaweza kuzibwa. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji mtu ambaye mwaka huu yupo, na mwaka ujao bado yupo.

Mtu huyo anatakiwa pia aijue bahari. Ufukwe wa Kilwa Kisiwani unapigwa na mawimbi, na Gereza, ile ngome iliyo karibu kabisa na maji, imeshapoteza sehemu ya kuta zake kwa bahari. Mikoko ikikatwa, wimbi linafika ukutani likiwa na nguvu zake zote. Ndiyo maana kupanda mikoko kumekuwa sehemu ya kuyaokoa magofu, sawa na kuziba nyufa. Lakini mkoko ndio ulioijenga Kilwa. Boriti zilizobeba dari zilikuwa miti ya mikoko, na vyumba vya nyumba za mawe kuanzia Lamu hadi Kilwa vilitoka vyembamba na virefu kwa sababu boriti haiwezi kuvuka zaidi ya kama meta tatu bila kupinda. Kuni za kuchomea chokaa nazo zilitoka hukohuko. Anayeshughulikia gofu leo anahitaji chokaa, na chokaa inataka kuni na matumbawe, wakati mikoko na matumbawe hai ndivyo vinavyomlindia gofu dhidi ya bahari. Hesabu hiyo lazima aifanye mwenyewe: achukue mawe ya matumbawe ya kale yaliyo nchi kavu, kuni zipatikane kwingine, na kila tanuu linalowashwa liwe na sababu.

Kwa hiyo nikisikia watu wakigawanya urithi wa asili na urithi wa utamaduni kama idara mbili zisizojuana, nashindwa kuelewa mpaka huo unapita wapi Kilwa. Leo magofu hayo yako chini ya TAWA, mamlaka ileile inayosimamia mapori ya akiba, ikiwemo Selous. Wapo waliohoji inakuwaje askari wa wanyamapori wapewe msikiti wa karne ya 11. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba taasisi ya wanyamapori inaweza kufanya vizuri sana hapo, mradi ikubali kuwaajiri waashi wa chokaa na wanaakiolojia kwa uzito uleule inaowaajiri askari.

Upande wa wanyamapori umetangulia katika hilo, na si kwa bahati. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, lililosema wazi kwamba kulinda viumbe wale kunahitaji ujuzi maalumu, watu waliofunzwa na fedha. Mwaka 1963 Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kikafunguliwa Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tangu hapo wamepita pale vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, wakarudi kwao kuwa wahifadhi na wakuu wa hifadhi. Kwa wanaozungumza Kifaransa kuna chuo cha Garoua, Kameruni. Pasiansi, Mwanza, inafundisha askari wa doria. Ngazi inaonekana: kijana anajua aanzie wapi, na akifanya bidii atafika wapi.

Upande wa magofu, makumbusho na michoro ya miambani ulikawia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia katikati ya miaka ya 1980. Mpango wa AFRICA 2009, ulioendeshwa na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi wa utamaduni, kati ya 1998 na 2009 pamoja na taasisi za Afrika, uliwapa mafunzo ya uhifadhi wa majengo na maeneo ya urithi wataalamu wengi wa bara hili. Shule ya Urithi wa Afrika ilianzishwa Porto-Novo, Benin, na kituo cha kuendeleza urithi barani kikawa Mombasa kwa wanaozungumza Kiingereza. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika ulianzishwa mwaka 2006, ukaweka ofisi Afrika Kusini. Matunda yameonekana. Webber Ndoro wa Zimbabwe, ambaye uhifadhi wa Great Zimbabwe ulikuwa sehemu kubwa ya kazi yake, aliuongoza mfuko huo na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa ICCROM mjini Roma. Lazare Eloundou Assomo, msanifu majengo kutoka Kameruni, aliteuliwa mwaka 2021 kukiongoza Kituo cha Urithi wa Dunia mjini Paris. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba kusoma akiolojia ni kupoteza ada ana majina ya kujibiwa.

Hata hivyo vyeti peke yake havishikilii ukuta. Bara hili lina ujuzi mkubwa ulio mikononi na machoni mwa watu, na tumechelewa mno kuutambua. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba Olduvai, chini ya Louis na Mary Leakey. Jicho lake halikuwa na mfano. Mwaka 1964 aliliona taya la zamadamu Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, siku iliyokuwa ya mapumziko, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi ileile. Uchimbaji uliofuata ukafukua kiunzi cha kijana aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya mifupa kamili kuliko yote ya zama zile. Shahada ya heshima ya udaktari alipewa na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani mwaka 2021, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka sitini ilipita kati ya koleo la kwanza na kofia ya chuo. Haikupaswa kuwa hivyo, na nasema hivi kwa uchungu, maana kuna akina Kimeu wengine sasa hivi wanaolipwa kwa siku.

Uganda imetufundisha somo hili kwa njia ya msiba. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala. Kuijenga upya hakukuwa kazi ya kutangaza zabuni. Kuezeka nyumba ile ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, na ujuzi wake unashikwa na wazee na kurithishwa kwa kufanya: kuchagua nyasi, kuzikausha, kuzifunga, kuzipandisha tabaka kwa tabaka juu ya kuba lile kubwa. Wazee wa kuezeka walikuwa wachache, na ilibidi vijana waketi chini yao wajifunze. Mwaka 2023, miaka 13 baada ya moto, Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya hatari. Fedha zilichangia, bila shaka. Lakini bila wale waezekaji, fedha zingejenga nyumba nyingine, isiyo ile.

Na pwani ya Kenya, wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, walikuwa wahifadhi wa misitu kabla neno hilo halijaingia ofisini. Mti wa kaya haukatwi, njia haziongezwi, anayekiuka analipa kwa mila. Misitu hiyo ya Kwale na Kilifi ilihifadhi mimea adimu kwa sababu ilihifadhi makaburi na maombi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliunda kitengo cha misitu ya pwani mwaka 1992, na mwaka 2008 kaya kadhaa zikawa urithi wa dunia. Mtaalamu wa mimea anayefanya kazi kaya asiyejua kuketi na wazee, kuvua viatu panapotakiwa na kunyamaza panapotakiwa, hatapata hata jina la jani.

Kinachonisumbua kuliko yote ni namna kazi hii inavyoajiriwa. Anakuja mfadhili, mradi unapitishwa, jukwaa la miti linapandishwa ukutani. Vijana wa kijiji wanafundishwa chokaa, wanashika kazi, mikono yao inakuwa hodari. Mradi unafungwa, ripoti inapelekwa Paris au Oslo au Washington, jukwaa linashushwa. Wale vijana wanarudi kwenye uvuvi, au wanahamia Dar es Salaam kujenga kwa saruji. Miaka mitano baadaye ukuta uleule umeota majani, anakuja mfadhili mwingine, na mafunzo yanaanza upya na watu wengine. Majani hayaoti kwa kalenda ya wafadhili. Yanaota kila masika.

Zanzibar iliona gharama ya kuchelewa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa na dalili za hatari kwa miaka mingi, na ilikuwa imefungwa ikisubiri ukarabati mkubwa. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiwa imekwisha kuanza kwa msaada wa Oman, sehemu ya jengo iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo nashindwa kuliita pengo la matunzo tatizo la historia peke yake. Ni suala la usalama wa watu wanaopita chini ya kuta hizo, na wa mafundi wanaopanda juu yake.

Kwa kijana anayesoma makala hii nina la kumwambia moja kwa moja. Ukipenda kazi ya ofisini yenye kiyoyozi, hii si yako. Utavuka maji kwa mashua, utalala kwenye kambi, utapanda kuta chini ya jua la Lindi, utaandika namba zilezile kila mwezi. Nafasi za kudumu ni chache na unaweza kungoja. Lakini usijifunge kwenye fani moja. Ukisoma wanyamapori Mweka, jifunze pia kusoma gofu. Ukisoma akiolojia, jifunze kutofautisha mkoko na mchu. Ukiwa fundi uashi, tafuta mzee anayejua chokaa ukae naye kabla hajaondoka. Jifunze kupiga picha za vipimo na kutumia skana za leza, zile ambazo Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulizitumia kunakili magofu ya Kilwa, kwa sababu ukuta ukianguka kesho, nakala hiyo ndiyo itakayosema ulikuwaje.

Na kwa wanaoandaa bajeti na ikama: fundi wa chokaa wa Kilwa, mwezekaji wa Kasubi, mlinzi wa michoro ya miambani ya Kondoa na mzee wa kaya wawe na nafasi ya kudumu, cheo, mshahara na bima, kama alivyo askari wa wanyamapori. Vyuo vya ufundi vya VETA vya mikoa ya pwani vifundishe uashi wa chokaa sambamba na uashi wa saruji, na mtihani wake ufanywe kwenye ukuta halisi. Kila eneo la urithi liwe na kikosi chake kidogo cha matunzo, hata cha watu watano, kinachokuwapo masika na kiangazi, mradi uwepo au usiwepo. Waajirini watu hao mwaka huu wa fedha.